Luigi Broglio: Mwitalia aliyeirusha satelite ya Uhuru kutoka bahari ya Kenya

Tarehe 12 Desemba 1970 Kenya ilikuwa inasherehekea miaka 7 ya kujitawala. Siku hiyo roketi moja iliinuka kutoka baharini, karibu na kijiji cha Ngomeni, upande wa kaskazini wa mji wa Malindi. Ilibeba satelite ya Wamarekani yenye uzito wa kilo 141 hivi. Kwa heshima ya siku kuu ya wenyeji, satelite hiyo ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa satelite ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, yaani kutafuta miali ya X inayotoka mbali kwenye nyota.

Kwetu Kivu watu wachache sana walisikia habari hiyo. Lakini Uhuru ilikuwa jirani yetu. Njia yake ilifuata mstari wa ikweta, na haikupanda wala kushuka zaidi ya digrii 3 hivi. Kingi, Masisi, Walikale, Goma na Bukavu, zote ziko ndani ya mkanda huo. Mara zaidi ya 10 kwa siku, chombo hicho kilipita kwenye anga letu, kilomita zaidi ya 500 juu ya vichwa vya watu waliokuwa wanalima maharagwe na kuchunga ng'ombe.

Satelite ilikuwa ya Wamarekani, lakini jukwaa iliporukia lilikuwa la Waitalia, na mtu aliyelifikiria, aliyelitafutia pesa na kuliongoza kwa miaka mingi aliitwa Luigi Broglio. Alikufa mwezi wa Januari 2001. Leo, wakati dunia inazungumza juu ya mawe ya angani, dhoruba za jua na safari za kwenda Mars, inafaa kukumbuka maisha yake, maana sehemu kubwa ya kazi yake ilifanyika Afrika Mashariki, kwenye mkanda ule ule tunaoishi sisi.

Mtoto wa Mestre

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, karibu na mji wa Venezia, kaskazini mwa Italia. Alikulia Roma, na huko alisomea uinjinia. Kisha aliingia katika jeshi la anga kama injinia, na katika jeshi hilo alipanda cheo mpaka akawa jenerali. Lakini hakuacha ualimu. Maisha yake yote yalikuwa na miguu miwili: mmoja jeshini, mwingine katika chuo kikuu cha Roma, kinachojulikana kwa jina la Sapienza.

Huko Sapienza alirithi kiti cha mzee mmoja mkubwa, Gaetano Arturo Crocco. Crocco alikuwa ameanza na mambo ya ndege tangu mwanzo wa karne ya 20, na katika uzee wake akageukia sayari. Mwaka wa 1956, mbele ya wataalamu waliokutana Roma, alionyesha kwa hesabu kwamba watu wanaweza kutoka duniani, kupita karibu na Mars, kupita karibu na Venus, na kurudi nyumbani ndani ya mwaka mmoja. Wakati huo hapakuwa hata na satelite moja iliyowahi kuzunguka dunia. Sputnik ya Warusi iliruka mwaka uliofuata, tarehe 4 Oktoba 1957.

Mwanafunzi alichagua njia tofauti na ya mwalimu wake. Crocco aliota safari za mbali. Broglio alianza na swali dogo la karibu: hewa ya huko juu kabisa ikoje? Katika miaka ya 1950 alisaidia kuanzisha uwanja wa kurushia roketi katika kisiwa cha Sardinia. Kutoka huko, mwanzoni mwa mwaka wa 1961, Waitalia walirusha roketi iliyomwaga moshi wa sodiamu angani, ili wapime mwendo wa upepo wa juu kwa kufuatilia wingu hilo kwa macho na kwa kamera.

Kwa nini ikweta?

Italia ya wakati huo ilikuwa imetoka kwenye vita vya pili vya dunia ikiwa imeshindwa na kuvunjika. Haikuwa na roketi kubwa kama za Marekani au za Urusi. Broglio alijua kwamba kushindana kwa nguvu na wakubwa hao ni kazi bure. Aliwaza kitu kingine: kupata mahali ambapo hata roketi ndogo inaweza kufanya kazi kubwa.

Mahali hapo ni ikweta. Sababu yake ni rahisi. Dunia inajizungusha kutoka magharibi kwenda mashariki. Mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa na ardhi kwa mwendo wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, ingawa hasikii kitu. Kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini, mwendo huo unapungua. Satelite ya karibu inahitaji mwendo wa kilomita 28,000 hivi kwa saa ili isianguke. Kwa hiyo roketi inayoondoka ikweta ikielekea mashariki inapewa msukumo wa bure, sawa na mtu anayeruka kutoka kwenye lori linalokwenda badala ya kuruka kutoka kwenye lori lililosimama. Tena, upande wa mashariki wa Kenya ni bahari tupu. Vipande vya roketi vinavyoachwa njiani vinaanguka majini bila kuua mtu.

Mstari huo wa ikweta unapita hapa kwetu pia, katika Kivu ya Kaskazini, kati ya Lubero na Butembo. Lakini sisi hatuna bahari. Broglio alitaka vyote viwili, ikweta na bahari. Ndiyo sababu macho yake yaliangukia pwani ya Waswahili.

Jambo la pili lililomfanya ajulikane ni jukwaa. Badala ya kujenga uwanja nchi kavu, aliamua kurushia roketi kutoka baharini, juu ya majukwaa yenye miguu ya chuma kama yale ya kuchimbia mafuta. Wakati huo Enrico Mattei, mkubwa wa shirika la mafuta la Italia, ENI, alikuwa na majukwaa ya namna hiyo, na Broglio alipata msaada kwa watu wa petroli. Mwaka wa 1961 Serikali ya Roma ilikubali mradi wake. Mwaka wa 1962 Marekani ilikubali kutoa roketi aina ya Scout na kuwafundisha Waitalia kuzitumia. Mradi ulipewa jina la San Marco, mtakatifu msimamizi wa Venezia, mji wa kando ya bahari alikozaliwa jirani.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1964 jukwaa la kwanza, Santa Rita, lilikuwa tayari kwenye ghuba ya Ungwana, na roketi ndogo za majaribio zikaruka. Kenya ilikuwa imepata uhuru miezi michache tu kabla, tarehe 12 Desemba 1963. Baadaye likaja jukwaa la pili, San Marco, ambalo ndilo lilisimamisha roketi zenyewe. Santa Rita likabaki la waongozaji. Wavuvi wa Ngomeni, waliozoea kuona majahazi na ngalawa, sasa waliona minara ya chuma imesimama baharini.

Mizani ya kupima hewa

Tarehe 15 Desemba 1964 satelite ya kwanza ya Italia, San Marco 1, iliruka kutoka Wallops, kwenye pwani ya mashariki ya Marekani. Waliobonyeza vifungo walikuwa Waitalia wenyewe, waliofundishwa na kuongozwa na Broglio. Inchi iliyokuwa imebomolewa na vita miaka 20 kabla ikawa kati ya zile za kwanza duniani kuwa na satelite yake. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliruka, safari hii kutoka bahari ya Kenya. Haikuwahi kutokea kabla ya siku hiyo kwamba satelite irushwe kutoka kwenye jukwaa la baharini, tena hapa kwenye mkanda wa ikweta.

Ndani ya satelite hizo mlikuwa na chombo ambacho Broglio mwenyewe alikibuni, na mpaka leo wataalamu wanakiita mizani ya Broglio. Tuseme ni mpira ndani ya mpira. Mpira wa nje ni mwepesi; wa ndani ni mzito. Umeshikamanishwa na wa ndani kwa mikono inayopinda kidogo. Satelite ikipita kwenye hewa nyembamba sana ya huko juu, hewa inasukuma mpira wa nje, nao unasogea kidogo kabisa kuliko wa ndani. Ukipima kusogea huko, unajua hewa ilikuwa nzito kiasi gani.

Mtu anaweza kuuliza faida yake. Hewa hiyo nyembamba ndiyo inayovuta satelite polepole mpaka zianguke. Tena haikai sawa. Jua likichafuka na kutupa dhoruba zake, hewa ya juu inapata joto na kuvimba, na satelite zinaanza kushuka mapema. Mwezi wa Februari 2022 kampuni ya SpaceX ilipoteza satelite karibu 40 za Starlink siku chache baada ya kuzirusha, kwa sababu ya dhoruba ya jua iliyoifanya hewa ya juu kuwa nzito zaidi. Kipimo alichokitafuta Broglio miaka ya 1960 ndicho ambacho leo kinasaidia kujua chombo kitaanguka lini na wapi.

Uhuru na shimo jeusi

Kazi iliyoleta sifa kubwa zaidi kwa jukwaa la Malindi ni ile ya Uhuru. Miali ya X ni ile ile inayotumika hospitalini kupiga radio ya mfupa. Kutoka angani inakuja pia, tena kwa wingi, lakini hatuioni, kwa sababu hewa ya dunia inaizuia isitufikie. Hewa hiyo ni kama blanketi. Bila blanketi hilo tusingeishi. Lakini kwa mtafiti blanketi ni kizuizi: akitaka kuona miali hiyo, lazima atoke nje.

Kabla ya 1970, watafiti walitumia roketi zilizotoka nje ya hewa kwa dakika chache tu kisha zikaanguka. Riccardo Giacconi, Mwitalia aliyehamia Marekani, alitaka chombo kitakachokaa huko kwa miaka. Njia ya ikweta ilimfaa sana, kwa sababu inakwepa sehemu kubwa ya mikanda ya miali mikali inayosumbua vyombo vya kupimia. Na uwanja uliokuwa unafaa kwa njia hiyo ulikuwa mmoja, ule wa Broglio.

Uhuru ilifanya kazi mpaka mwezi wa Machi 1973. Katika orodha yake ya mwisho ilihesabu vyanzo 339 vya miali ya X. Ilionyesha nyota ndogo zilizokufa zinazopiga kama moyo, moja ikipiga kila baada ya sekunde 4.8. Tena ilisaidia kuonyesha kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 hakifanani na nyota yoyote ya kawaida. Leo kinakubaliwa kuwa shimo jeusi, mabaki ya nyota kubwa yenye mvuto mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Kiko mbali, safari ya mwanga ya miaka karibu 7,000, na hakitudhuru. Mwaka wa 2002 Giacconi alipata zawadi ya Nobel kwa kazi iliyopitia kwa sehemu kubwa kwenye bahari ya Malindi.

Kati ya 1967 na 1988 satelite 9 ziliruka kutoka hapo: za Italia, za Marekani na moja ya Uingereza. Kati yake ilikuwa SAS-2 ya mwaka wa 1972, iliyochunguza miali ya gama, ambayo ni mikali kuliko miali ya X. Hakuna roketi hata moja katika hizo 9 iliyoshindwa kuifikisha satelite yake angani.

Hapa kwetu mambo yalienda vingine

Msomaji wa Kongo atajiuliza kama sisi hatukuwa na nafasi ya namna hiyo. Tulikuwa nayo. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Wajerumani iliyoitwa OTRAG ilipewa na Rais Mobutu eneo kubwa sana huko Shaba, upande wa mto Luvua, ili ijaribu roketi za bei ndogo. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Ya tatu, mwezi wa Juni 1978, ilianguka mbele ya macho ya Mobutu mwenyewe. Majirani na mataifa makubwa walishuku kwamba ni kazi ya silaha, na mwaka wa 1979 kampuni iliondoka. Haikuacha shule, haikuacha watafiti, haikuacha satelite hata moja.

Miaka mingi baadaye, huko Menkao karibu na Kinshasa, injinia Mkongomani Jean-Patrice Keka alianza tena kwa nguvu zake, akirusha roketi ndogo zilizoitwa Troposphère. Hazikufika angani, lakini zilikuwa zetu.

Tofauti kati ya OTRAG na San Marco haikuwa ya pesa tu. Broglio alikuwa mwalimu. Vijana aliowafundisha darasani Roma ndio waliokaa naye kwenye jukwaa, wakila chumvi ya bahari kwa miezi. Mmoja wao, Carlo Buongiorno, alikuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la anga la Italia.

Miaka ya mwisho

Shirika hilo, linaloitwa ASI, liliundwa mwaka wa 1988. Mwaka huo huo, tarehe 25 Machi, satelite ya tano ya San Marco iliruka kutoka Kenya. Ilikuwa ya mwisho. Broglio alitaka Italia itengeneze roketi ya Scout yenye nguvu zaidi na kuendelea kurushia Malindi. Wakubwa wapya walichagua njia nyingine, ya kushirikiana na Ulaya, ambayo uwanja wake uko Kourou, Guyane ya Ufaransa, nao uko karibu na ikweta. Majukwaa yakabaki yanakula kutu, na mzee akaona ndoto yake ikisimama akiwa bado hai.

Luigi Broglio alikufa Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89. Baadaye kituo cha Malindi kilipewa jina lake. Na huko juu, kati ya Mars na Jupita, kuna jiwe moja la angani lenye namba 18542 ambalo wanajimu wameliita Broglio.

Kilichobaki baada yake

Roketi zilisimama, lakini masikio ya Malindi hayakufunga. Kwenye nchi kavu, karibu na Ngomeni, antena zinaendelea kupokea sauti za satelite. Antena hizo ndizo zilizopokea habari za BeppoSAX, satelite ya Italia na Uholanzi iliyoruka mwaka wa 1996. Tangu miaka ya 1960 watafiti walikuwa wanaona milipuko mikali ya miali ya gama, inayodumu sekunde chache, bila kujua inatoka wapi. Tarehe 28 Februari 1997 BeppoSAX iliona mwanga uliobaki baada ya mlipuko mmoja, na kwa njia hiyo ikajulikana kwamba milipuko hiyo inatokea mbali kabisa, nje ya kundi letu la nyota.

Hiyo ni habari njema. Mlipuko kama huo ukitokea karibu na sisi na kuelekezwa huku, ungeweza kuharibu ozoni, ile sehemu ya hewa inayotukinga na ukali wa jua. Wako watafiti wanaofikiri kwamba kufa kwa viumbe vingi vya baharini miaka milioni 440 hivi iliyopita kunaweza kuwa kulitokana na mlipuko wa namna hiyo, ingawa hakuna aliyethibitisha. Tarehe 9 Oktoba 2022 ulionekana mlipuko mkali kuliko yote iliyowahi kupimwa. Ulitoka umbali wa safari ya mwanga ya miaka karibu bilioni 2, na hata hivyo uliitikisa sehemu ya juu ya hewa yetu. Satelite ya Swift, iliyosaidia kuupata, ni moja ya zile zinazotuma habari zao kupitia Malindi.

BeppoSAX yenyewe ilitufundisha hatari nyingine, ile ya mikono ya watu. Kazi yake ilipoisha, chombo hicho cha kilo 1,400 kilianza kuanguka, na hapakuwa na mashini ya kukiongoza. Kwa kuwa kilizunguka juu ya ikweta, vipande vyake vingeweza kuanguka mahali popote ndani ya mkanda wa digrii 4 hivi kila upande: Gabon, Kongo, Uganda, Kenya, Indonesia, Brazili. Masisi ilikuwa ndani. Kilianguka tarehe 29 Aprili 2003 kwenye bahari ya Pasifiki, na hakikuumiza mtu. Wakati huo watu wa Kivu walikuwa na mambo ya vita kichwani, na wachache walijua kwamba kitu hicho kilikuwa kinapita juu yao. Waliojua kitaanguka lini walikuwa wanatumia elimu ile ile ya hewa ya juu ambayo Broglio aliianzisha kwa mizani yake.

Na hatari ya mawe? Tarehe 15 Februari 2013 jiwe lenye upana wa mita 20 hivi lilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Vioo vilivunjika na watu kama 1,500 waliumia. Hakuna aliyeliona kabla, kwa sababu lilitoka upande wa jua. Lile lililomaliza dinosaria miaka milioni 66 iliyopita lilikuwa na upana wa kilomita 10 hivi. Tarehe 26 Septemba 2022 chombo cha NASA kiitwacho DART kiligonga kwa makusudi jiwe la Dimorphos, na kulipunguzia muda wa mzunguko kwa dakika 32 hivi. Mara ya kwanza watu walisukuma kitu cha angani kutoka kwenye njia yake. Aliyekuwa pembeni akipiga picha ni satelite ndogo ya Italia, LICIACube, mjukuu wa kazi iliyoanzia kwenye mizani ya Broglio.

Sisi wa Kivu hatuhitaji kufundishwa maana ya kuchunguza hatari mapema. Tunaishi chini ya Nyiragongo. Tulikimbia mwaka wa 2002, tukakimbia tena tarehe 22 Mei 2021. Tunajua kwamba mlima hauwezi kuzuiwa, lakini mtu mwenye vyombo na anayelipwa mshahara wake anaweza kuwaambia wengine waondoke kabla. Angani ni vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba jiwe likionekana mapema, linaweza hata kusukumwa.

Deni la mkanda wetu

Kuna jambo moja lisilokamilika katika maisha ya Broglio. Kwa miaka mingi Wakenya waliuliza wanapata nini kutokana na bahari yao. Wabunge na magazeti ya Nairobi walilalamika kwamba faida ni ndogo na kwamba vijana waliofundishwa ni wachache. Mwaka wa 2016 Kenya na Italia zilitia sahihi mkataba mpya wenye kuzungumzia zaidi mafunzo na kugawana ujuzi. Mwaka wa 2018 satelite ndogo ya chuo kikuu cha Nairobi, iliyotengenezwa kwa msaada wa Sapienza, chuo cha Broglio, ilianza kuzunguka dunia. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, satelite ya Kenya ya kuangalia mashamba, misitu na maji. Lakini iliruka kutoka California, Marekani. Inchi iliyoona Uhuru ikiondoka mbele ya macho yake ililazimika kwenda kutafuta roketi mbali.

Nasi pia tumo katika hesabu hiyo. Tantali inayotoka kwenye koltani ya Rubaya, hapo hapo Masisi, inatumika katika vyombo vidogo vya umeme vinavyokaa ndani ya telefone, kompyuta na satelite. Udongo wetu unafika angani. Watoto wetu bado.

Tarehe 13 Aprili 2029, usiku, jiwe liitwalo Apophis, lenye upana wa mita zaidi ya 300, litapita kilomita 32,000 hivi kutoka ardhini, karibu kuliko baadhi ya satelite za televisheni. Limepimwa vizuri na halitatugonga. Watu wa Afrika na Ulaya wataweza kuliona kwa macho, likienda polepole kama nyota ndogo inayotembea. Kama mawingu ya milima yetu yataruhusu, mtoto wa Kingi ataliona bila kulipa franga hata moja. Ni vizuri siku hiyo awepo mwalimu wa kumweleza kile anachokiona, na kumwambia kwamba miaka 58 hivi kabla, kitu kilichoitwa Uhuru kilipita kwenye anga hilo hilo, na kwamba kilirushwa na mwalimu.